Kutoka posho ya Union Minière mpaka asiransi ya kazi: maswali ambayo jamaa za Kolwezi zinaulizwa tangu zaidi ya miaka 100

Mufanyakazi anayeingia leo katika kampuni ya shaba na kobalti huko Kolwezi ao Fungurume anapewa karatasi nyingi siku ya kwanza. Kontra, karatasi ya usalama, fishi ya CNSS, fishi ya hopitali. Katika kampuni zingine kuna fishi moja zaidi, ile ya asiransi ya maisha, ambayo watu wa Dar es Salaam wanaita bima ya maisha ya kikundi. Haiko ndefu. Inauliza jina, siku ya kuzaliwa, muke ao mume, watoto, na nani atapokea feza kama mwenye kazi akifa. Mara zingine inauliza pia juu ya magonjwa. Wengi wanaijaza wakiwa wamesimama, kalamu ya kuazima mukononi, wale wa nyuma wakisukuma. Kisha miaka inapita. Siku ile fishi inafunguliwa tena mezani, mwenye kuijaza hayuko wa kueleza alitaka kusema nini.

Maswali haya hayakuanza jana. Katika nchi ya Lualaba na Katanga nzima, watu wanaulizwa majina, umri, muke, watoto na magonjwa tangu mwanzo wa migodi, na walijifunza kujibu kwa namna fulani. Walikuwa na sababu zao. Mutu anayeshangaa kwa nini mwana wa leo anaficha tansiyo yake, ao anaandika mwipwa wake kama mutoto wake wa kuzaa, arudi kwanza kwenye kambi za babu zake.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika 1910. Mwaka ule ule Wabeleji wakaunda Bourse du Travail du Katanga, biro ya kutafuta vijana vijijini na kuwaleta kwenye kazi. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa Lubumbashi. Vijana walifika wamechoka, wakapimwa, wakapewa namba. Ile namba, matrikule, ilikuwa na nguvu kuliko jina. Katika kambi za wakati ule ugonjwa wa mapafu, kuhara damu na tifoide viliua watu wengi, na gripe ya 1918 ikaongeza maiti juu ya maiti. Kijana alikuja kwa miezi tu, akifa hakuna fishi iliyouliza muke wake ni nani. Habari ilifika kijijini kwa mudomo wa mwenzake aliyerudi, ao haikufika kabisa.

Katika mwaka huo huo wa 1911, mbali sana na Katanga, kampuni ya asiransi ya New York inayoitwa Equitable ilifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Ilikubali kulinda wafanyakazi 121 wa kampuni ya Pantasote kwa kontra moja tu, bila kumupima kila mutu. Mwaka uliofuata ikafanya vile kwa Montgomery Ward, nyumba kubwa ya biashara yenye wafanyakazi karibu 3,000. Wazo lenyewe ni rahisi. Mutu anayekuja peke yake kutafuta asiransi, pengine anakuja juu anajua yeye ni mugonjwa. Lakini wafanyakazi mia ao elfu walioingia pamoja juu ya kazi, vijana kwa wazee, wazima kwa wagonjwa, hesabu yao inaweza kufanywa mbele, na kila mutu akalipiwa feza kidogo. Asiransi ya kikundi katika dunia yote bado inatembea juu ya wazo lile.

Katanga haikupita njia ile. Huku kampuni yenyewe ilijifanya muzazi.

Ilikuwa hesabu ya feza kwanza, huruma ilikuja nyuma. Kumuleta kijana kutoka Kasai, Rwanda-Urundi ao Rodezia ya Kaskazini, kumufundisha kazi na kumurudisha kisha miezi michache kulikula feza nyingi, na Wangereza wa kule kusini nao walianza kuwataka watu wao kwa migodi yao. Basi kuanzia miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ilianza siasa ya kuwakalisha watu: kontra ya miaka 3, na muke aje kambini. Munganga Léopold Mottoulle, mukubwa wa kazi za wafanyakazi weusi, ndiye aliyesukuma siasa ile sana, na katika 1946 aliandika kitabu kizima kuisifu. Kampuni ilikopesha feza ya mahari. Ililipa kitu wakati mutoto anazaliwa. Ilijenga nyumba, hopitali na masomo yaliyoongozwa na wamisionere. Kolwezi yenyewe, iliyoanza kama muji katika miaka ya 1930, ni mutoto wa siasa ile: kwanza migodi, kisha kambi, kisha watu wa kuzijaza.

Na kila juma kulikuwa posho. Unga, samaki, nyama, mafuta, chumvi. Posho ilihesabiwa kwa kila mutu wa nyumba: baba kipimo chake, mama chake, watoto chao. Kwa hiyo karatasi yenye majina ya watu wa nyumba ikawa chakula chenyewe. Jina likiandikwa, sahani inajaa. Jina likifutwa, njaa. Ndiyo sababu wazee wa Katanga walisema «Kazi njo baba, kazi njo mama», na ndiyo sababu profesa wa historia Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliita kitabu chake cha 2001 kwa jina la wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Lakini baba huyu alikuwa na masharti. Alijua muke moja tu, yule aliyeandikwa. Alijua watoto wa kuzaa na wa ndoa ile. Sasa muzee Mukaonde ao Mulamba, ambaye kwao mutoto wa dada ndiye murithi, afanye nini na mwipwa aliyefika kambini kusoma? Muluba anayelea mutoto wa ndugu aliyekufa, amuweke wapi? Karatasi haikuwa na nafasi yao. Basi mwipwa akapewa jina lingine na akaandikwa «mutoto». Alikula posho, alisoma, alitibiwa. Ni vigumu kuwahukumu wazee wale. Karatasi ilikuwa nyembamba kuliko jamaa, na kati ya karatasi na jamaa walichagua jamaa. Ila ule mutoto alitembea maisha yake yote na majina mawili, moja la kijijini na moja la kampuni, na kila wakati alipodai kitu, mutu wa biro alimuuliza: wewe ni nani kati ya hawa wawili?

Swali la ugonjwa lilikuwa na jibu lake pia. Kampuni ilitaka mikono yenye nguvu. Mwenye kukohoa damu, mwenye kuumia mugongo bila kupona, aliweza kukatiwa kazi na kurudishwa kijijini. Wakati bei ya shaba ilianguka kati ya 1930 na 1932, maelfu walirudishwa, wazima na wagonjwa. Wale waliobaki walielewa mara moja. Mbele ya munganga wa kampuni mutu anasimama wima na anasema haumwi popote. Baba akafundisha mutoto, mutoto akafundisha mutoto wake. Ni akili ya kuishi, na ilisaidia wakati wake.

Umri nao ulikuwa wa kukadiria. Karani aliangalia uso, akaandika «alizaliwa karibu 1920». Mwingine aliongeza miaka juu apate kazi, mwingine akapunguza juu abaki masomoni. Karatasi za namna ile ziko bado katika masanduku ya nyumba nyingi za Kolwezi.

Sheria zilikuja nyuma, polepole. Katika 1949 Wabeleji waliweka dekre ya kulipa wafanyakazi weusi walioumia kazini ao kupata ugonjwa wa kazi. Katika 1951 ikaja feza ya watoto, katika 1956 pansiyo. Wafanyakazi Wazungu walikuwa na kasha zao mbali. Kisha uhuru, tarehe 29 Juni 1961, zile kasha ziliunganishwa katika INSS. Hapo hata Katanga ilikuwa imejitenga, na vita iliishia Kolwezi katika Januari 1963.

Kisha ukafika mwaka wa 1967, mwaka ambao uliamua mengi kwa jamaa za hapa. Tarehe 1 Januari serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni mpya ikaundwa, ile ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Wakati ule ule Sonas, kampuni ya asiransi ya serikali iliyozaliwa tarehe 23 Novemba 1966, ikabaki peke yake katika inchi nzima. Kampuni za asiransi za kigeni zilifungwa. Kwa karibu miaka 50 hakukuwa na mulango mwingine wa kubisha. Mufanyakazi wa Gécamines hakuona shida, juu alikuwa na baba yake: hopitali bila kulipa, masomo, posho, sanduku la maiti wakati wa kilio. Nani atafuta asiransi ya maisha wakati kampuni inazika?

Katika 1972 kikaja kitu kidogo ambacho kiliharibu karatasi nyingi kuliko moto. Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Joseph wa 1968 akawa mutu mwingine katika 1973, na jina la babu likawekwa mbele ao nyuma kadiri karani alivyosikia. Kisha 1990 wengi walirudisha majina yao ya ubatizo. Mutu moja akawa na majina matatu juu ya karatasi tatu, pasipo hata kosa moja la kwake. Na karani wa Kolwezi aliandika Mwamba pale yule wa Kamina aliandika Muamba.

Katika 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Katika Septemba 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto, chini ya ardhi, iliporomoka. 1991 ikaleta uporaji. Mushahara ulikuja nusu, kisha haukuja. Lakini kuna jambo lingine ambalo wajane wa wakati ule wanalijua vizuri kuliko profesa yeyote: feza yenyewe ilikufa. Katika Oktoba 1993 zaire mupya moja ililingana na zaire za zamani milioni 3. Katika 1998, wakati franka ya Kongo ilirudi, franka moja ilichukua nafasi ya zaire mupya 100,000. Pansiyo, akiba ya benki, feza yoyote iliyoahidiwa katika zaire kwa ajili ya muke na watoto, ilibaki hesabu juu ya karatasi ambayo haikuweza kununua mukate. Mutu asishangae basi kuona mama wa miaka 70 akicheka mukwe wake anayemuambia habari ya asiransi. Swali lake la kwanza ni la haki kabisa: watalipa kwa feza gani?

Katika miaka ile ile jamaa nyingi zilipoteza zaidi ya feza. Wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi katika 1992 na Kolwezi katika 1993, mamia ya maelfu kwa jumla katika Katanga. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa. Walilala kwenye vituo vya treni wakingoja magari ya kwenda Kasai, na watoto na wazee wengi walifia pale. Mutu aliyekimbia na sufuria moja na godoro hakukumbuka fishi ya matrikule. Baadaye, Mwene-Ditu ao Kananga, alipotaka kuonyesha kwamba alitumika miaka 22, hakuwa na kitu mukononi. Baba wengine walikufa njiani, na watoto wao hawakujua hata namba ya baba. Wale waliokuwa na bahati ni wale ambao mama alishona karatasi ndani ya kitambaa.

Kwa jamaa hizi, neno moja ni la kujua: karatasi ya mufanyakazi ni kopi tu. Jina na namba viliandikwa pia katika rejista ya mwenye kazi na ya INSS. Kupoteza kopi hakufuti haki. Kinachouma ni wakati jina katika rejista halifanani na jina la mutu aliyesimama mbele ya dirisha.

Mwaka wa 2003 Gécamines, kwa musaada wa feza ya Benki ya Dunia, iliachisha wafanyakazi 10,655 katika ule mupango ulioitwa kuondoka kwa kupenda. Kupenda kwenyewe, wengi walikuwa na miezi mingi bila mushahara. Walitia sahihi, wakapewa feza, na siku ile mulango wa hopitali na masomo ya kampuni ukafungwa nyuma yao. Mpaka leo vikundi vya waliokuwa wafanyakazi wanaendelea kudai, wakisema hesabu ya miaka yao haikufanywa vizuri. Kati ya mabishano mengi, moja linarudi kila mara: karatasi ya kampuni inasema hivi, jamaa inasema vile.

Kisha wakubwa wapya wakaja. Code ya migodi ya 2002 ilifungua mulango kwa kampuni za kigeni, na kobalti ikajaza Kolwezi na watu kutoka kila upande. Upande wa asiransi, sheria ya 17 Machi 2015 ilimaliza upekee wa Sonas. Mamlaka ya kuchunga kazi ile, ARCA, iliundwa, na katika 2019 kampuni za kwanza za binafsi zikapewa ruhusa. INSS nayo ikawa CNSS, kufuatana na sheria ya 15 Julai 2016. Mufanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mushahara kwa pansiyo, mwenye kazi analipa 5 kama yeye, anaongeza 6.5 kwa ajili ya watoto na 1.5 kwa hatari za kazi.

Hapa wengi wanachanganya vitu viwili. CNSS ni lazima, na wale watakaopokea kisha kifo wanajulikana kwa sheria: muke ao mume wa ndoa, watoto. Asiransi ya maisha ya kikundi ni juu ya CNSS, haiko mahali pake. Mwenye kazi anatia sahihi kontra moja na kampuni ya asiransi, anatuma orodha ya wafanyakazi, na kila moja anahesabiwa feza ambayo mara nyingi ni mushahara wa miezi fulani. Feza hiyo inalipwa hata kama mutu amekufa nyumbani kwa malaria, mbali na mugodi. Ila inashikamana na kazi. Kazi ikiisha, kwa kawaida ulinzi unaisha siku ile ile. Ndiyo maana wanaotumikia kampuni ndogo zinazopewa kazi na kampuni kubwa, kwa kontra ya miezi 3 inayofanywa upya mara kwa mara, wanapaswa kuuliza kama jina lao liko kwenye orodha ya mwezi huu. Na mwenye kuchimba kwa mukono hana orodha yoyote. Katika Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa katika konsesiyo ya KCC, na hakuna mahali majina ya wajane wao yalikuwa yameandikwa mbele.

Sasa turudi kwa mwipwa. Jambo ambalo historia ya posho imeficha machoni pa watu ni hili: katika asiransi ya maisha, mufanyakazi mwenyewe ndiye anayechagua nani atapokea. Hahitaji kusema mwipwa ni mutoto. Anaweza kuandika mwipwa, kwa jina lake la kweli, na mbele yake kuandika «mwipwa», na kugawa: nusu kwa muke, nusu kwa watoto na yule mwipwa. Uongo ambao babu alisema ili mutoto ale, leo ndio unaweza kumunyima mutoto yule yule. Siku ya kudai, kampuni ya asiransi itaomba karatasi ya kifo na karatasi ya kuzaliwa. Kama fishi inasema mutoto na karatasi ya kuzaliwa inaonyesha baba mwingine, malipo yanasimama, na wajomba wanapata nafasi ya kuingia kati.

Na kuhusu wajomba, maneno yasizungukwe. Watu wa Kolwezi wameona mara nyingi ndugu za marehemu wakifika na gari kubeba mashine ya kushona, televizio, mpaka na milango. Code ya jamaa ya 1987 inaweka watoto katika safu ya kwanza ya warithi, lakini kilio kina sheria zake. Feza ya asiransi iliyoandikwa jina la mutu haipiti ndani ya urithi ule. Inaenda kwa yule aliyeandikwa. Kwa hiyo fishi ambayo imebaki na jina la mama wa marehemu tangu alipokuwa kijana, wakati sasa ana muke na watoto 5, itamulipa mama. Vilevile ile yenye jina la muke aliyeachana naye zamani. Kampuni ya asiransi haijui mambo ya nyumbani, inasoma fishi.

Maswali ya ugonjwa ndiyo magumu. Wengi wanasema: nikiandika tansiyo, watanifukuza. Hofu hii ina babu na babu wa babu, imeonyeshwa hapa juu. Lakini fishi ya asiransi si ile ya munganga wa kambi. Katika asiransi ya kikundi, mara nyingi hakuna swali la ugonjwa kabisa mpaka kiasi fulani cha feza, mradi mutu anaandikishwa ndani ya muda uliowekwa wakati anaanza kazi. Maswali yanakuja kwa yule anayetaka feza zaidi, ao aliyekataa mwanzoni na anarudi kisha mwaka. Jibu la kweli linaweza kuleta kulipa zaidi, ao ugonjwa moja kuwekwa pembeni, ao kukubaliwa kwa kiasi kidogo tu. Majibu hayo ni ya munganga wa kampuni ya asiransi, hayapaswi kutembea katika biro ya mukubwa wa kazi, na mufanyakazi ana haki ya kuomba bahasha na kuifunga mwenyewe. Kuhusu UKIMWI, sheria ya 14 Julai 2008 inakataza ubaguzi kazini. Sheria kuwa katika kitabu na sheria kufuatwa ni mambo mawili, kila mutu wa hapa anajua, na sendika zingefanya vizuri kufuata swali hili kuliko kugombana juu ya fulana za tarehe 1 Mei.

Jibu la uongo nalo lina historia yake. Sheria ya Ubeleji ya 11 Juni 1874 ilikuwa kali sana: kuficha jambo ao kujibu vibaya, hata bila nia mbaya, kuliweza kuvunja asiransi yote. Ufaransa katika 1930 ilitenganisha mwenye kudanganya kwa makusudi na mwenye kukosea: wa kwanza anapoteza yote, wa pili feza yake inapunguzwa. Sheria ya Kongo inatoka katika mapokeo hayo ya Wabeleji na Wafaransa. Lakini katika zote, uchunguzi hauji siku ya kujaza fishi. Siku ile hakuna anayebisha, kila mutu anapokelewa na tabasamu. Unakuja kisha kifo, wakati kampuni inaomba karatasi za hopitali na kuona kwamba marehemu alimeza dawa ya sukari tangu miaka 6 na aliandika «hapana». Mwenye kudanganya amelala Kolwezi kwenye makaburi. Anayejibu ni mujane, mbele ya dirisha, na hakujua hata kwamba kulikuwa na swali.

Kuna pia uongo ambao si wa mufanyakazi. Karani anajaza fishi za watu 30 jioni moja na anaweka alama «hapana» kila mahali ili amalize haraka, kisha kila moja anatia sahihi. Fishi ni ya Kifaransa, na mwenye kusoma Kifaransa kidogo anaona haya kuuliza. Hakuna haya pale. Mutu akamate kopi, aipeleke nyumbani, mutoto aliye katika sekondari aisome kwa sauti mama akisikia, kisha sahihi ifuate. Pale ambapo mutu hajui, kama vile ugonjwa ulioua baba yake aliyefia njiani katika 1993, jibu «sijui» ni jibu la kweli. Siku ya kuzaliwa isiyojulikana iandikwe kama ilivyo kwenye karta ya uchaguzi ao juu ya karatasi ya korti, na iwe moja kwenye fishi zote. Majina vilevile: kama Joseph alikuwa kwenye karatasi ya Gécamines na hayuko kwenye karta, afadhali yote mawili yaandikwe.

Kunabaki mustari wa adresi, mufupi kuliko yote, ambao hakuna anayeufikiria. Huko Kasulo, sehemu ya kartye ilihamishwa katika 2017 kwa ajili ya kobalti iliyokuwa chini ya nyumba. Katika Cité Gécamines ya Kolwezi, nyumba zimebomolewa kadiri mugodi wa COMMUS ulivyopanuka. Kuna avenyu ambazo watu waliandika kwenye fishi zao na ambazo leo ni shimo. Barua ya kampuni ya asiransi ikitumwa pale, hakuna mulango wa kuipokea, na jirani ambaye angesema «walihamia upande ule» naye amehamia. Fishi inaweza kubadilishwa wakati wowote mufanyakazi akiwa hai na kazini, kwa karatasi moja kwenye biro ya watumishi, na mwenye kuhama anaweza kuweka namba mbili za simu, ya muke na ya ndugu aliye mbali, Likasi, Kamina ao Mbuji-Mayi, kisha kumuachia muke kopi yenye muhuri.